Stelingi Hafi, Sasa Unaogopa Nini? Filamu Nne za Mapigano na Mashujaa, na Ipi Itakufaa

Kila mpenzi wa filamu za mapigano anaingia ukumbini akiijua kanuni moja: stelingi hafi. Risasi zitamkosa. Gari litapinduka mara tatu naye atatoka akichechemea. Jengo litaporomoka, na vumbi likitulia utaona mkono wake umechomoza kwenye kifusi. Kanuni hiyo inaifanya kazi ya mwongozaji kuwa ngumu kuliko tunavyodhani, kwa sababu amepewa saa mbili au tatu za kunitia hofu juu ya mtu ambaye yeye na mimi tunajua atapona.

Hapo ndipo kipimo changu kilipo. Nikitoka kutazama filamu ya aina hii sijiulizi milipuko ilikuwa mingapi. Najiuliza: niliogopa? Na kama niliogopa, niliogopa nini hasa? Filamu isiyonijibu swali la pili huwa nimeisahau kabla sijafika nyumbani.

Nimechagua filamu nne ambazo watu wengi wanazitaja kwa pamoja wakiwa hawajui waanze na ipi. Mbili ni za watu wa damu na nyama: John Wick: Chapter 4 ya mwaka 2023, na Mission: Impossible – The Final Reckoning ya mwaka 2025. Mbili ni za mashujaa wenye nguvu za ajabu, zote za 2025: Thunderbolts* na Superman. Zote nne nimezitazama, tatu kati yake zaidi ya mara moja. Miisho sitaifichua, ingawa nitalazimika kutaja matukio ya katikati, la sivyo nitakuwa nasifia hewa.

Nitazipima kwa mambo matano. Kwanza mapigano yenyewe: yanavyochezwa na kamera inavyoyanasa. Pili hofu, na chanzo chake. Tatu adui. Nne, mambo unayopaswa kuyajua kabla hujakaa kwenye kiti. Tano, urefu wa filamu na watu ulio nao. La pili ndilo lenye uzito kwangu, na sitajifanya yote matano yako sawa.

MAPIGANO

Chad Stahelski, mwongozaji wa John Wick, alitoka kwenye kazi ya michezo ya hatari. Ndiye aliyekuwa akifanya matukio ya hatari badala ya Keanu Reeves, anayecheza Wick, katika The Matrix ya 1999, na historia hiyo inaonekana katika kila pigo. Kamera yake inakaa mbali kidogo ili uone mwili mzima, kuanzia unyayo unavyojipanga hadi ngumi inavyofika. Hakatikati picha kila nusu sekunde kama wale wanaoficha kwamba mwigizaji wao hajui kupigana. Kuna tukio ndani ya jengo kuukuu mjini Paris ambapo kamera inapanda juu ya dari na kukaa pale, ikitazama vyumba kama mtu anayetazama ramani, huku Wick akipita chumba hadi chumba na bunduki inayotema cheche za moto. Nililitazama tukio hilo nikiwa nimesahau kuegemea kiti. Halafu kuna Donnie Yen, anayecheza muuaji kipofu aitwaye Caine. Anabandika vikengele vya mlango ukutani, vile vinavyolia mtu akipita mbele yake, kisha anawasikiliza maadui zake wakijitangaza wenyewe mmoja mmoja. Ni wazo dogo, na limefanya kazi kuliko mabomu mengi niliyoyaona mwaka ule.

Dosari ninayo pia. Suti zao hazipenyi risasi, kwa hiyo mtu anapigwa, anajifunika uso kwa koti, anaendelea. Ikifika sehemu ya Osaka inapozidi kurefuka, risasi zinakuwa kama mvua tu: unazisikia lakini huzihesabu.

Mission: Impossible ni kinyume chake kabisa. Mapigano ya mikono ni machache. Kilichopo ni mambo mawili makubwa, na kila moja lingetosha kubeba filamu nzima. La kwanza ni nyambizi ya Kirusi, Sevastopol, iliyozama kwenye bahari ya barafu. Ethan Hunt, stelingi anayechezwa na Tom Cruise, anaiingia peke yake. Maneno yanaisha. Muziki unapungua. Unabaki na pumzi zake, chuma kinacholia, na maji. Kisha nyambizi inaanza kubingirika kwenye mteremko wa sakafu ya bahari naye yumo ndani, makombora yanaporomoka kutoka kwenye rafu zake, maji yanahama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, na juu inakuwa chini. La pili ni ndege ndogo za mabawa mawili, za aina iliyokuwapo kabla ya babu zetu wengi kuona runinga. Tom Cruise, mtu aliyezaliwa 1962, yuko nje ya ndege hiyo angani, uso umevutwa na upepo hadi mashavu yanapigapiga kama kitambaa. Tukio hilo lilipigwa Afrika Kusini, na ni yeye kweli.

Tatizo ni kwamba kabla ya kufika huko utakaa karibu saa nzima ukisikiliza watu wakielezana. Mmoja anaanza sentensi, mwingine anaimalizia, wa tatu anatazama mbali kwa huzuni. Vipande vya filamu za zamani vinaingizwa kutukumbusha. Mimi ni mvumilivu, lakini saa ile ilinipima.

Superman ya James Gunn inapigana kwa rangi. Kuna jitu linalotema moto katikati ya jiji, kuna roboti, kuna mbwa mwenye joho jekundu anayeharibu kila kitu kwa mapenzi yake mema. Sehemu kubwa ni picha za kompyuta na haijifichi. Tukio bora la mapigano, kwa macho yangu, si la Superman mwenyewe. Ni la Mister Terrific, anayechezwa na Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi. Anasimama ufukweni akiongoza mipira yake midogo inayoruka kana kwamba anaongoza bendi, askari wanaanguka kulia na kushoto, na uso wake hauonyeshi hata kama jambo hilo linamchosha. Watu niliokuwa nao walipiga makofi. Sehemu ya mwisho, ambapo ardhi ya jiji inapasuka na majengo yanagawanyika, ni kubwa mno kwa jicho. Ukubwa wa namna hiyo tumeuona mara nyingi na unachosha upesi.

Thunderbolts* inaanza na mwanamke aitwaye Yelena juu ya Merdeka 118 mjini Kuala Lumpur, jengo la pili kwa urefu duniani, akiongea kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi yake. Kisha anaruka. Florence Pugh aliruka kweli, amefungwa kamba. Unaliona hilo kwa jinsi mwili wake unavyokuwa mzito. Baada ya hapo mapigano yanakuwa madogo na ya karibu: ghala la chini ya ardhi, watu wanne au watano waliotumwa wauane, ngao iliyopinda, ngumi fupifupi. Wenye kiu ya milipuko wataona hapa pamepungua kitu. Mimi niliona pametulia, na utulivu katika filamu za mashujaa siku hizi ni adimu.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa linawahusu wote wanaojirusha badala yetu: Aprili 2025 waandaaji wa tuzo za Oscar walitangaza kwamba wataanzisha tuzo ya ubunifu wa michezo ya hatari, kwa filamu zitakazotoka kuanzia 2027. Kazi hii imebeba sinema kwa karibu karne nzima bila tuzo yake yenyewe pale. Imechelewa, na nimefurahi mno.

HOFU INATOKA WAPI

Hapa ndipo filamu hizi nne zinapoachana njia, na hapa ndipo uchaguzi wako unapaswa kuamuliwa.

Katika John Wick huogopi kwamba atakufa. Unaogopa kwamba atachoka. Filamu hii inakujengea uchovu tofali juu ya tofali hadi usiku wa Paris, ambapo lazima afike juu kwenye kanisa la Sacré-Cœur kabla jua halijachomoza. Mbele yake kuna ngazi 222, na kwenye ngazi hizo kuna watu wenye silaha. Anapanda. Anaua, anapanda, anaua, anapanda. Anakaribia juu kabisa, anapigwa, na anabingirika hadi chini alikoanzia. Ukumbi wote uliguna. Hakuna aliyeshangaa kwamba yu hai. Tuliguna kwa sababu tulijua lazima azipande tena, na sisi wenyewe magoti yalikuwa yanatuuma kwa niaba yake. Kila aliyewahi kufanya kazi wiki nzima na kuambiwa arudie mwanzo ataielewa ngazi ile kwa mwili wake.

Mission: Impossible inafanya jambo la ajabu zaidi. Ethan Hunt hafi, sawa. Lakini Tom Cruise ni binadamu, na akili yako haiwezi kuwatenganisha wawili hao mtu anaponing'inia kwenye bawa la ndege. Hofu inaruka kutoka kwa mhusika na kumwangukia mwigizaji. Unajua filamu imekwisha, unajua mtu yule alishuka salama akaenda kula, na bado mikono inakutoka jasho. Hakuna hadithi iliyoandikwa vizuri inayoweza kukupa hofu ya aina hii. Inapatikana kwa njia moja tu, ya kwenda angani na kufanya. Udhaifu wake ni kwamba nje ya matukio hayo mawili hofu hupungua. Wanatuambia ulimwengu mzima utaangamia kwa silaha za nyuklia, na ulimwengu mzima ni kitu kikubwa mno kukiogopea. Niliogopa zaidi kwa ajili ya kidole kimoja kilichoshika waya wa bawa.

Superman ana tatizo gumu kuliko wote, kwa kuwa kanuni ya stelingi hafi iliandikwa kana kwamba kwa ajili yake. Gunn analijibu mapema. Filamu inafunguka na maandishi yanayotuambia kwamba dakika tatu zilizopita Superman ameshindwa pambano kwa mara ya kwanza, na tunamwona akianguka kwenye theluji, damu mdomoni, akimpigia mbwa wake mluzi. Lakini kipigo chake sicho kilichonigusa. Kuna pambano na lile jitu, majengo yanatikisika, naye katikati ya yote anasimama kumwondoa kindi njiani asikanyagwe. Kindi! Wapo waliosema ni upuuzi. Kwangu ndilo tukio linaloeleza filamu nzima: mtu huyu haogopi kwa ajili yake, anaogopa kwa ajili ya kila kilicho chini ya miguu ya jitu, na baada ya muda nawe unaanza kutazama chini badala ya kutazama juu. Kuna mchuuzi mmoja wa chakula katika hadithi hii, mtu wa kawaida kabisa. Yatakayompata sitayasema, ila yalinikaa kooni kuliko jiji lililopasuka.

Na kuna mazungumzo. Lois Lane, kwa uigizaji wa Rachel Brosnahan, anamkalisha mpenzi wake chini na kumhoji kama mwandishi wa habari: uliingia kwenye vita vya nchi mbili, nani alikutuma? Uliongea na nani? Superman anaanza kwa tabasamu, anaishia na hasira, kwa kuwa yeye alichokiona ni watu wanaokwenda kufa tu. Hakuna ngumi inayorushwa, na ni moja ya sehemu zenye joto kali zaidi katika filamu.

Thunderbolts* imekwenda mahali ambapo filamu za mashujaa huwa haziendi. Hofu iko ndani. Kuna kijana aitwaye Bob, Lewis Pullman anamcheza kwa upole unaokaribia kuomba radhi, mwenye nguvu zisizo na mpaka na moyo ulioharibiwa tangu utotoni. Kile kilichomo ndani yake kinapotoka, watu wa New York wanageuka vivuli vyeusi papo hapo, bila damu, bila kelele: alikuwapo mtu, sasa pana alama. Ndani ya giza hilo kuna vyumba, na kila chumba ni siku ambayo mtu angetamani isingekuwapo maishani mwake. Yelena anaingia vyumbani humo. Mimi nilimpoteza rafiki miaka kadhaa iliyopita kwa ugonjwa huu wa moyo kuzama kidogokidogo huku uso unacheka, na sikutegemea filamu yenye ngao na roketi ingeijua ile hali. Inaijua. Haiponyi mtu kwa hotuba, na hilo naliheshimu. Ukiniuliza niliogopa nini humo, jibu langu ni kwamba niliogopa kuwa pale ngumi hazitafaa kitu.

ADUI

Kwenye adui sitakawia, isipokuwa kwa mmoja. Mission ina akili ya kompyuta iitwayo Entity, isiyo na uso, na mtu wake Gabriel ambaye uovu wake nimeuona lakini sababu yake sijaishika vizuri. Wick ana Marquis wa Bill Skarsgård, kijana mwenye suti za kupendeza na moyo wa barafu, anayetosha kwa kazi yake bila kuvuka hapo. Katika Thunderbolts* adui wa kweli ni lile giza. Valentina, bosi wa hila, anaburudisha kwa maneno yake makali, basi.

Wa kukumbukwa ni Lex Luthor wa Nicholas Hoult, katika Superman. Hana nguvu za ajabu. Ana akili, ana fedha, na ana wivu mtupu usio na nguo. Anasimama kwenye chumba cha mitambo akipiga kelele za namba, kila namba ni pigo alilolisoma mapema kwenye mwili wa Superman, na wasaidizi wake wanatekeleza. Anamchukia kwa sababu watu wanampenda. Sote tumewahi kukaa karibu na mtu wa namna hiyo.

UNACHOPASWA KUJUA KABLA

Superman haidai chochote. Ndiyo filamu ya kwanza ya mwanzo mpya wa mashujaa wa DC, kampuni ya vitabu vya katuni, kwenye kumbi za sinema, na haipotezi muda kutueleza sayari ilivyolipuka na mtoto alivyookotwa shambani. Inaanza katikati, inakuamini utafuata. Shida ndogo ni kwamba wapo mashujaa wengine wanaotokea bila utambulisho, ukajiuliza huyu ni nani. Waache wapite, utawazoea.

John Wick inadai kidogo. Ni ya nne baada ya zile za 2014, 2017 na 2019, na kila moja inaanzia karibu pale iliyotangulia ilipoishia. Unaweza kuifuata ukijua tu kwamba alikuwa muuaji aliyestaafu, mkewe akafariki, mbwa aliyeachiwa na mkewe akauawa, na kuanzia hapo chama kizima cha wauaji kikawa dhidi yake. Hata hivyo ushauri wangu ni kuitazama ile ya kwanza kabla. Ni fupi na ni nzuri, na ndiyo inayoipa ngazi ya Paris uzito wake.

Thunderbolts* inaogopesha watu kwa orodha yake. Yelena alitoka kwenye Black Widow ya 2021, mwingine kwenye mfululizo wa runinga, mwingine kwenye Ant-Man and the Wasp ya 2018. Usiogope. Hao wote ni watu waliosahauliwa, na filamu yenyewe inajua umewasahau. Anayestahili maandalizi ni Yelena peke yake, na baba yake wa kulea, Alexei, ambaye kila sentensi yake inachekesha hadi pale inapoacha kuchekesha.

Mission: Impossible ndiyo yenye deni kubwa. Ni ya nane tangu 1996, na ni mwendelezo wa moja kwa moja wa Dead Reckoning ya 2023. Ukiingia bila ile, saa ya kwanza itakuwa ukungu. Kwa aliyezifuata zote kuna zawadi: Donloe, yule mfanyakazi wa CIA aliyeibiwa kwenye chumba chake cha siri katika filamu ya kwanza na kupelekwa mbali kwa adhabu, anarudi baada ya karibu miaka 30, mwigizaji yuleyule, na anapewa heshima ambayo sikuitarajia. Machozi yalinilenga hapo kuliko kwenye ndege.

MUDA, NA WATU ULIO NAO

Wick na Mission kila moja inakaribia saa 2 na dakika 50. Superman na Thunderbolts* zinazidi saa 2 kwa dakika chache tu. Tofauti hiyo usiidharau, hasa kama unaanza kutazama usiku na kesho una kazi. Isipokuwa Mission, zote zina kipande baada ya majina ya watengenezaji kuanza kupita. Cha Thunderbolts* kinachokuja mwishoni kabisa kina jambo, cha Wick nacho kinahusu hadithi, vya Superman ni vidogo.

Kuhusu watoto: nchini Marekani Wick imepewa daraja la R, maana yake aliye chini ya miaka 17 anaingia na mtu mzima, na inastahili daraja hilo kwa idadi ya wanaokufa. Tatu zilizobaki ni PG-13, yaani mzazi awe mwangalifu kwa aliye chini ya miaka 13. Lakini herufi hizo hazikuambii kila kitu. Superman, kwa mbwa wake na rangi zake zote, ina tukio moja la bastola gerezani ambalo mtoto wa miaka saba hatalisahau. Thunderbolts* haina damu nyingi, ila inazungumzia mtu anayejiona hana thamani, na nyumba ambamo baba anapiga. Kijana wa miaka 14 anaweza kuihitaji. Mdogo zaidi atachoka au ataogopa asijue anaogopa nini. Mission ndiyo salama zaidi kwa macho ya mtoto na ngumu zaidi kwa subira yake.

Kuna suala la skrini pia. Nyambizi na ndege za Mission zinataka ukumbi mkubwa wenye sauti nzito. Niliirudia kwenye kompyuta na karibu nusu ya ile hofu ilikuwa imetoweka. Wick inavumilia skrini ya wastani kwa kuwa imepigwa kwa usafi. Thunderbolts* haipotezi karibu chochote nyumbani. Superman iko katikati, ingawa muziki wake, unaochukua wimbo ule wa John Williams wa 1978 na kuugeuza, ni mtamu zaidi ukitoka kwenye spika kubwa.

UCHAGUE IPI, UKIWA KATIKA HALI GANI

Kama umechoka na picha za kompyuta na unataka kuona watu wanaojua kazi ya miili yao, tafuta John Wick: Chapter 4, lakini uitazame siku ambayo huna haraka, na usione haya kuisimamisha baada ya Osaka ukanywa maji. Aliyezoea filamu za ngumi za Hong Kong atafurahi zaidi, kwa sababu Donnie Yen na Hiroyuki Sanada hawakuwekwa kama mapambo.

Kama umekulia na Ethan Hunt, hata kama uliruka mbili tatu katikati, Mission ni ya kwako. Itazame ile ya 2023 kwanza, ikiwezekana wiki hiyohiyo, kisha vumilia maelezo. Ambaye hajawahi kuona hata moja namshauri asianzie hapa. Aanze na ya mwaka 1996, aone chumba cha siri kikiibiwa, na afike kwa Donloe kwa njia iliyonyooka.

Kwa familia yenye vijana, au kwa mtu aliyeyapa mgongo mambo ya mashujaa kwa sababu yamekuwa kama mtihani wa historia, Superman inafungua mlango bila kudai kiingilio cha maarifa. Ipo pia The Fantastic Four: First Steps ya mwaka huohuo, haifiki saa 2 na inasimama peke yake, na ina moyo wa wazazi wanaoogopa kwa ajili ya mtoto wao. Mzazi aliyepata mtoto hivi karibuni huenda ikamgusa kuliko hizi nne zote. Ukipenda katuni, Spider-Man: Across the Spider-Verse ya 2023 ni nzuri kupindukia kwa macho, ila inakatika katikati ya hadithi, uamue mwenyewe kama unaweza kuishi na hilo.

Wapenzi wawili ambao mmoja anapenda mapigano na mwingine mazungumzo wanaweza kukutana kwenye Superman kwa ajili ya yale mahojiano, au kwenye Thunderbolts* kwa ajili ya Yelena na Alexei pale barabarani, baba na binti wanapoambiana hatimaye yale waliyokuwa wameyakalia.

Na kama moyo wako umekuwa mzito siku hizi, au unaishi na mtu ambaye unahisi moyo wake ni mzito, Thunderbolts* inaweza kukufaa kuliko nyingine yoyote, lakini usiitazame peke yako usiku wa manane. Mwite mtu. Ikiisha, msiwashe nyingine. Kaeni kidogo, umuulize ni chumba gani kati ya vile kilichomgusa.